Fundi wa Fremu na Bi Kiroboto

Ukiingia dukani kwa fundi wa fremu, utakutana kwanza na mashairi. Hayauzwi. Aliyakata kwenye gazeti la Jumamosi, akayabandika kwenye kadibodi nyeusi, akayawekea kioo na fremu ya mbao iliyopigwa vanishi, kisha akayatundika juu ya benchi la kukatia vioo. Wateja wanaoleta picha za harusi na vyeti vya watoto wao hudhani ni sampuli. Hunyoosha kidole na kusema, "Nifanyie kama ile ya pale, fundi, ila hayo maandishi yatoe." Fundi huchukua vipimo.

Chini ya kila shairi limechapwa jina la Mlinzi wa Vina. Huyo ndiye yeye mwenyewe. Jina alijipa siku ya kwanza alipotuma shairi gazetini, na tangu hapo akaanza kutembea kifua mbele, ijapokuwa mtaani hakuna aliyejua sababu.

Ukurasa wa mashairi wa gazeti lile si wa mapenzi wala wa maua. Ni wa mambo ya wiki: bei ya mafuta imepanda, daraja limepasuka, mheshimiwa fulani kaahidi hiki kafanya kile. Kuna watu husoma ukurasa huo kwanza, habari zenyewe baadaye. Na una desturi yake. Kuchapishwa si jambo la kujivunia sana, maana mhariri hachagui sana. Jambo ni kujibiwa. Mwenzako asome shairi lako, apandwe na jazba, akurudi Jumamosi inayofuata kwa beti zake, akupinge, akutanie, akuite kwa jina lako la kalamu mbele ya nchi nzima. Mshairi asiyejibiwa ni kama mtu anayesalimia watu njiani nao wanapita tu.

Fundi wa fremu hakuwahi kujibiwa hata mara moja. Aliandika kuhusu daraja, kimya. Aliandika kuhusu mitihani iliyovuja, kimya. Wakati huohuo dereva wa gari la wagonjwa, aliyejiita Kisu Butu, alikuwa akiandika mambo ya mashimo ya barabarani, vina vyenyewe vinachechemea, na Jumamosi inayofuata nusu ya ukurasa inamjibu yeye. Fundi alikuwa akiusoma ukurasa huo kwa kijicho, tena kijicho cha waziwazi. Anahesabu mizani za dereva kwa vidole, anakuta mstari umepungua, anapiga kelele peke yake dukani: "Mnaona? Mnaona lakini?" Hakuna anayeona.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe ni mshonaji wa sare za shule, na sebule yao ni cherehani, marobota ya kaptura na vipande vya kola. Fundi alikuwa akimsomea kila shairi kabla ya kulipeleka gazetini. Mama wa watu alisikiliza, lakini cherehani haikusimama. Shairi likiisha husema, "Zuri, baba watoto. Nipitishie mkasi."

Basi baraza la mji likaamua kuwahamisha wauza mboga. Walikuwa wakipanga nyanya na vitunguu kando ya barabara, wakajengewa soko jipya lenye ghorofa, na mboga zikapangiwa ghorofa ya juu. Mji mzima ukawa hauna hadithi nyingine. Fundi akaona hapa ndipo. Akaandika:

Jengo limeshasimama, ghorofa yake yang'ara,
Njiani mwatusukuma, mwaziba na barabara,
Pandeni ngazi mapema, acheni zenu hasira,
Mji kupangwa ni vyema, usafi ni utu bora.

Akalisoma, akaliona limenyooka kama rula. Kisha moyo ukamwambia ukweli: halitajibiwa. Mashairi yaliyonyooka hivi ndiyo watu huyapita. Ndipo likamjia wazo ambalo lingemjia mshairi wa gazeti tu, maana mtu mwingine mwenye akili zake asingekuwa na shida hiyo. Atajijibu mwenyewe. Atazua mpinzani, ampe shairi la kijinga, wiki inayofuata amponde mbele ya wasomaji. Kwa nini asubiri watu?

Akaketi juu ya mkebe wa rangi nyuma ya duka. Mpinzani akamfanya mwanamke, ili Kisu Butu asidhaniwe kuwa ndiye. Akampa jina la dharau, Bi Kiroboto. Na kwa kuwa alijua kila udhaifu wa shairi lake mwenyewe, kalamu haikusita:

Mlinzi umetulia, kwenye kiti kivulini,
Ngazi unazisifia, hubebi kitu kichwani,
Kitunguu nakwambia, hujui bei sokoni,
Vina utajipikia, tuachie vya jikoni.

Alicheka peke yake. Akaona ni upuuzi mtupu, lugha ya genge, atalibomoa kwa ubeti mmoja. Akaenda kulichapisha kwenye duka la fotokopi mtaa wa pili, akalitumbukiza kwenye sanduku la mashairi lililoko kwenye lango la gazeti, hilo ambamo kila mtu hutumbukiza na hakuna anayeulizwa. La Mlinzi wa Vina likatoka kwanza, na Jumamosi iliyofuata likatoka la Bi Kiroboto.

Fundi alinunua gazeti, akaona jina lake limetajwa katika shairi la mwingine, na furaha ikampanda kana kwamba hakuliandika yeye. Amejibiwa! Akafunga duka, akaenda nyumbani, akaliweka gazeti juu ya meza ya cherehani kama mtu asiye na habari.

Mkewe alisoma akiwa na pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka begani. Cherehani ikasimama.

"Mungu wangu," akasema. "Vina utajipikia!"

Akacheka mpaka akashika ubavu. Akalisoma tena kwa sauti, akaenda mlangoni akamsomea jirani aliyekuwa akianika nguo, jirani naye akacheka, na wote wawili wakawa wanasema ule mstari wa kitunguu.

"Huyu mama anajua kusema," mkewe akamwambia aliporudi. "Wewe amekuuma, lakini anajua kusema."

"Mizani zake ni za bahati tu," fundi akajibu.

"Mizani ndiyo nini? Mimi nimecheka."

Hapo ndipo wivu ulipoingia. Na ungekuwa wivu wa kawaida, wa mtu kumwonea gere mtu mwingine, ningesema yamemkuta yale yanayowakuta wengi. Lakini huyu alimwonea gere mwanamke asiyekuwapo, tena aliyemtunga yeye mwenyewe akiwa amekalia mkebe wa rangi. Alikaa mezani akiitazama karatasi ile na roho ikimuuma kabisa.

Jumamosi iliyofuata ukurasa ulijaa. Kisu Butu alimsifu Bi Kiroboto beti sita. Mwalimu mstaafu akamwita dada. Wauza mboga wenyewe wakaleta shairi la pamoja. Kwa Mlinzi wa Vina hakuna aliyeandika neno, isipokuwa mmoja aliyeuliza kama bado yupo kivulini.

Fundi akaapa hampi tena Bi Kiroboto hata mstari mmoja. Akae na ubeti wake huo, watu watamsahau. Lakini hakujua kwamba kiapo hicho kimechelewa. Huwa anakata kioo, mkono umeshika chuma cha kukatia, na mstari wa Bi Kiroboto unamjia wenyewe, umekamilika, unamcheka. Kuuacha upotee hakuweza, ni mshairi. Akaanza kuwagawia habari. Habari nzito alimpa Mlinzi: bomba kuu la maji lilipopasuka na mitaa kukaa mikavu, alimwekea Mlinzi wa Vina kabatini, kwamba hili ni langu, asiliguse mtu. Bi Kiroboto akampa makombo, habari ya diwani aliyekata utepe kwa mkasi butu akaishia kuung'ata. Shairi la bomba lilipita kimya, na lile la kumwita Bi Kiroboto kupe wa lugha likapita kimya vilevile. La utepe lilisomwa hata redioni.

"Ananifuata huyu," fundi alimwambia mkewe siku moja chakulani, na alisema kwa uchungu wa kweli. "Kila ninapoandika, yupo."

"Labda anakupenda," mkewe akasema, na akaongeza mboga kwenye sahani yake mwenyewe.

Kilichomchoma zaidi kilikuja dukani kwa miguu. Dereva wa gari la wagonjwa aliegesha gari lake nje, akaingia na kipande cha gazeti amekitia ndani ya bahasha ili kisikunjike.

"Fundi, nataka fremu nzuri. Ile ya dhahabu."

Lilikuwa shairi la utepe. Fundi alilitazama, akalitazama tena.

"Unaliweka wapi?"

"Sebuleni. Fundi, mimi nikikwambia utacheka. Huyu mwanamke nimempenda. Sijamwona, lakini nimempenda. Atakuwa mjane, huyu. Mwanamke mwenye mume hawezi kuwa na akili imetulia hivi."

"Atakuwa mbaya wa sura," fundi akasema.

"Hata akiwa. Wewe msome tu!"

Fundi aliifunga fremu ile ikiwa imepinda kidogo, kwa makusudi, upande wa kushoto. Dereva alipoondoka kwenda kuchukua mgonjwa, fundi akaitazama ukutani mahali alipoiegemeza. Ilimkera macho. Akaifungua, akaipiga upya kwa pembe sawa, akafuta kioo kwa spiriti, na kazi yote hiyo aliifanya akitukana chini kwa chini. Hajawahi kufunga fremu nzuri kama ile, na jina la mwandishi alilolifungia kioo halikuwa hata lake.

Kisha likaja lile la kitabu. Gazeti lilitangaza kwamba mashairi bora ya matukio ya mwaka yatakusanywa na kuchapishwa kitabu, chenye majina halisi ya washairi na maelezo mafupi ya maisha yao. Fundi alisoma orodha akiwa amesimama. Kisu Butu yumo. Mwalimu mstaafu yumo. Mlinzi wa Vina hayumo. Na kwa herufi nene: kitabu kitafunguliwa na mashairi ya Bi Kiroboto, naye anaombwa ajitokeze ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo atachapishwa kwa jina la kalamu tu.

Tangu ujana wake fundi alitaka kitu kimoja, jina lake ndani ya kitabu. Siyo gazetini, ambako kesho watu hufungia samaki. Kitabuni. Na sasa nafasi ipo, ya mbele kabisa, ila ameketi juu yake mwanamke yule. Alizunguka na jambo hilo siku kadhaa, akiona uchungu kumkiri. Kusema "Bi Kiroboto ni mimi" ni kusema pia kwamba Mlinzi wa Vina hakuwa kitu. Mwishowe akapiga moyo konde, akavaa shati la kutokea.

Mhariri wa ukurasa ni msichana wa umri wa binti yake, mwenye miwani na meza iliyofunikwa na karatasi hadi kikombe hakina pa kukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya Bi Kiroboto."

"Unamfahamu?"

"Ndiye mimi."

Mhariri alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi. "Mzee wangu, wameshakuja wanawake wengi kusema hivyo. Wewe ndiye mwanamume wa kwanza. Nikuulize, gazetini unajiitaje?"

"Mlinzi wa Vina."

Akakunja uso, akijizuia kucheka. "Si wewe uliyeandika kwamba Bi Kiroboto ni kupe wa lugha? Ukasema afungiwe?"

"Niliandika."

"Kwa hiyo ulijitukana mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na yeye anapokutukana, ni wewe?"

"Mwanangu, ndiyo hivyo hivyo."

Mhariri alimhurumia, na hilo lilimuuma kuliko kama angemfukuza. Akamsogezea kiti na penseli, kama alivyowafanyia wote waliodai jina lile. Habari ya siku ilikuwa lifti ya soko jipya: imewekwa, imezinduliwa, imekwama na mheshimiwa ndani. "Andika ubeti mmoja tu. Bi Kiroboto angesema nini?"

Tunda la bure lilikuwa limeanguka miguuni pake. Fundi akashika penseli. Akawaza juu ya kitabu, akawaza juu ya jina lake limechapwa, akaketi vizuri, na akaandika: Enyi wenye mamlaka, lifti ni chombo cha heri. Akafuta. Akaandika: Tukio limetufika, la huzuni na hatari. Mhariri alisoma kwa juu ya bega lake, kisha akaweka mkono wake taratibu juu ya karatasi.

"Mzee, nenda nyumbani kapumzike. Wivu kwa washairi upo, hatukushangai. Tena shairi lako la bomba lilikuwa na mizani sahihi kabisa."

Alishuka ngazi za gazeti masikio yakiwaka moto. Hakuvuka hata lango. Akiwa amesimama pembeni, mkono kwenye sanduku la mashairi, kicheko cha yule mwanamke kikamjia kichwani na maneno yake yote. Akaandika nyuma ya risiti ya gundi, bila kufuta neno. Akaenda fotokopi, akarudi, akatumbukiza. Hasira zilimfanya asijali amesema nini. Hakulisoma hata mara ya pili.

Jumamosi mkewe alikuwa amelipata gazeti kabla yake. Alianza kusoma kwa sauti, akitabasamu mapema:

Kuna mzee kafika, kwa mhariri kulia,
Jina langu alitaka, kitabuni kuingia,
Penseli ameishika, neno halikumjia,
Mlinzi umeumbuka, vina vimekukimbia.

Mke akapiga meza. "Ulikwenda kweli? Ukaomba jina la mwenzio? Ee baba watoto, umenivunja mbavu!" Alikuwa na machozi ya kucheka. Akaendelea na ubeti wa pili, bado anacheka, mpaka alipofika katikati sauti ikaanza kupungua:

Mizani huhesabia, mgongoni mwa mkewe,
Mke amejilalia, hana habari mwenyewe,
Penzi analisikia, kumbe ni shairi, wewe!
Usiku unaishia, bila neno aambiwe.

Akaurudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Fundi aliona uso wake ukibadilika, ndipo akakumbuka alichoandika.

"Vile vidole," mkewe akasema.

"Mama watoto..."

"Vile vidole mgongoni. Miaka yote. Nilikuwa nalala najua mume wangu ananipapasa. Kumbe unahesabu." Alilikunja gazeti mara mbili. "Sawa. Hilo nitalilia baadaye. Kwanza niambie yeye kajuaje. Kitanda kile tunalala wawili."

"Hakuna yeye. Bi Kiroboto ni mimi. Nilimtunga ili anijibu."

Mkewe alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani, kama anayempima nguo.

"Wewe?"

"Mimi."

"Sikiliza, bwana. Sema una mwanamke, nitakuelewa. Nitalia, nitapasua sahani, nitakwenda kwa dada yangu, lakini nitakuelewa. Usinitukane kwa kuniambia eti yale umeandika wewe. Mashairi yako si nimeyasikia? Ndani ya nyumba hii nani kayasikia kunizidi?"

Fundi akapandwa na mori. Maneno ya mhariri aliyaweza, haya hayakumezeka. Akasimama katikati ya marobota ya kaptura, akanyoosha kidole, na maneno yakamtoka palepale, bila penseli:

Dada weka chini uzi, usinionee gere,
Kumwiba mimi siwezi, hata nikipewa bure,
Wewe ndiye mwenye kazi, unamlisha kwa sare,
Baki naye wako mwenzi, tusichezeane shere.

Mkewe aliangua kicheko. Kilimtoka kabla hajakizuia, kile kile cha kushika ubavu, na fundi kwa mara ya kwanza maishani alisimama mbele ya mkewe akichekewa shairi alilolisema kwa kinywa chake. Alijiona amekuwa mrefu. "Umeona sasa?" akasema. "Umeona?"

Mke alifuta macho kwa kipande cha kola. Kicheko kikaisha polepole, akamwangalia vizuri.

"Nimeona," akasema. "Kumbe mpaka mnasomeana."

Aliinuka, akachukua mto wake chumbani, akaenda kulala chumba cha watoto, ambacho watoto wenyewe walishahama. Baadaye alirudi kitandani, lakini sasa hulala kwa ubavu, mgongo wake ameuegemeza ukutani.

Kitabu kilitoka. Kinafunguliwa na Bi Kiroboto, na mahali pa maelezo ya maisha yake pameachwa patupu. Mkewe hataki kukiona nyumbani, kwa hiyo kipo dukani, juu ya benchi la vioo. Wateja wakikipekua wakisubiri kazi zao, hucheka, kisha humuuliza fundi kama anamfahamu huyu mama. Fundi hajibu haraka. Humaliza kwanza kukata kioo, akapuliza vumbi, akasema kwamba anamfahamu vizuri sana, na kwamba hampendi.